Kona ya Kasense

Ninyi vijana wa ramani mliokuja kwangu Katandala na biskuti mkinitaka niwaandikie jiografia na historia ya mji huu wa Sumbawanga kwa kurasa mbili, biskuti nimezila na nawashukuru. Hizo kurasa mbili mtanisamehe. Mtu aliyechora mji mmoja tangu akiwa msichana mpaka macho yakaanza kumdanganya hawezi kuwa na kurasa mbili. Isitoshe, mmoja wenu, Happy, aliuliza swali mlangoni wakati mnaondoka, na swali lile ndilo limenikosesha raha tangu siku hiyo. Aliuliza kwa nini barabara ya Kasense, iliyonyooka vizuri tangu mjini, inapinda ghafla mahali pasipo na mto, jiwe wala nyumba. Akasema kwenye mpango mpya wa kompyuta wameshainyoosha.

Nitafika huko. Kwanza jiografia, maana mmeiomba kwa heshima.

Mji umekaa chini ya milima ya Mbizi kama mtu aliyeegemea ukuta. Ukipanda Mbizi na kushuka upande wa pili, ardhi inakatika: ni lile genge kubwa la Lyamba lya Mfipa, na chini yake bonde la Rukwa lenye joto na mpunga. Upande wa machweo, uwanda wetu unakwenda mawimbi-mawimbi mpaka unapoanza kushuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo sisi tuko juu, katikati ya mabonde mawili. Ndiyo maana kuna baridi, ndiyo maana upepo haupumziki, na ndiyo maana ukitaka kuchora ramani mwezi wa saba lazima uwe na kitu kizito cha kukandamiza karatasi kila pembe. Mimi nilitumia mawe meusi manne. Nilidhani ni mawe ya kawaida mpaka nilipoambiwa ni mavi ya chuma, yale masalia wahunzi wa Kifipa waliyoyaacha zamani walipokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuru marefu ya udongo. Hiyo tayari ni historia, na ilikuwa juu ya meza yangu miezi mitatu bila mimi kujua.

Aliyeniambia ni Mzee Wensi. Jina lake la ubatizo ni Wenseslaus, lakini nani ana muda. Alikuwa mshika mnyororo wetu, maana enzi hizo tulipima kwa mnyororo wa chuma, mtu mmoja huku na mwingine kule, na mshika mnyororo mzuri alikuwa na thamani kuliko darubini ya kupimia. Mzee Wensi alizaliwa vijiji vya huku huku, akasoma kwa mapadri madarasa machache, na aliujua uwanda kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Kila kilima kwake kilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na sababu. Kabla sijaandika kitu kwenye karatasi aliniuliza, "Binti, umekiuliza jina?" Mimi nilicheka. Kilima hakijibu. Akasema kilima hakijibu, lakini kina watu wake.

Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya, mnalijua hilo, mnanitania kwa ndizi kila mwaka. Nilipopangiwa kazi Sumbawanga mama yangu alilia siku mbili. Si mnajua sifa za uchawi za mji huu huko nje, hata leo mtu akisikia unakotoka anakuangalia mikono. Mama alinifungia Biblia, sweta mbili na chupa ya mafuta ya maombi, akaniambia nisile kwa mtu. Barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa vumbi mwanzo mwisho, nikafika nikiwa mwekundu kama tofali. Jirani wa kwanza kunipokea alikuwa mama wa Kifipa, akanipa ugali wa ulezi na maharage. Njaa ilinishinda, nikala. Nimeishi mpaka leo.

Sasa ufundi, kwa sababu ninyi mna kompyuta na mnafuta kosa kwa kidole. Sisi tulichora kwa wino juu ya karatasi angavu, na kosa lilifutwa kwa wembe. Unaushika wembe ukiwa umelala, unakwangua taratibu kwenda upande mmoja tu, kamwe si kurudi. Ukimaliza, unapasugua mahali pale kwa ukucha mpaka palainike, la sivyo wino mpya utasambaa kama maji kwenye shuka. Hata ukifanya vizuri vipi, kovu linabaki. Uiinue karatasi dirishani, utaliona. Nilikuwa na wenzangu walioona aibu makovu yao. Mzee Wensi, ambaye hakuwahi kushika kalamu ya wino, aliwaambia ramani isiyo na kovu imechorwa na mtu ambaye hakurudi shambani kuhakikisha.

Na karatasi yenyewe inapumua. Masika inavimba, kiangazi inasinyaa. Ukipima umbali juu ya ramani ya mwezi wa pili kwa rula ya mwezi wa nane, utamhamisha mtu nyumba yake. Haya mambo hayakuandikwa kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni.

Basi, Kasense.

Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, mwaka wa kwanza. Mji ulikuwa unatanuka na ofisi ikaagizwa kutayarisha ramani ya upande ule, barabara moja na viwanja vya watu kujenga. Ilikuwa mwezi wa nane, nyasi zimekauka. Wiki ile Mzee Wensi alikuwa ameshuka bondeni kwenye msiba wa dada yake, na mkuu wetu wa ofisi, mtu wa haraka, akasema nisimsubiri. Nikaenda na kibarua mmoja ambaye naye alikuwa mgeni, kazi yake kubeba vigingi tu. Mgeni na mgeni, hapo tayari pana hasara.

Tulikuta eneo kubwa, zuri, limelala sawasawa. Nusu yake ilikuwa nyasi ndefu zinazofika kifuani. Nusu nyingine ilikuwa vichuguu. Hakuna mahindi, hakuna uzio, hakuna nyumba, hakuna mtu. Nikafurahi kwa kweli. Nikahesabu safu za vichuguu, nikazichora moja moja kwa alama yake, kwa maana nilikuwa mchoraji makini, jamani. Upande wa nyasi nikaandika kwa herufi nzuri: ENEO WAZI. Barabara nikaipitisha katikati, imenyooka kama uzi. Mkuu akaisifu, akaitia sahihi, nakala zikatolewa kwenye ile mashine ya amonia iliyotutoa machozi wote. Mimi siku ile nilijua machozi yangu ni ya furaha.

Jumatatu Mzee Wensi akarudi. Nikamwonyesha ramani, natafuta sifa. Aliiangalia muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya safu zangu.

"Hivi ni nini, binti?"

"Vichuguu, mzee."

"Mchwa wa Kasense wamesoma wapi, mpaka wanajenga kwa mstari?"

Alicheka, lakini aliponiona uso akaacha. Akakaa chini akanieleza kitu ambacho kila mtoto wa Kifipa wa miaka saba anakijua. Yale hayakuwa vichuguu, yalikuwa ntumba, matuta ya duara ambayo Wafipa wamelima kwayo tangu mababu. Mvua zikikaribia kuisha, udongo ukiwa bado laini na nyasi zimesimama, mtu anashinda na jembe shambani: anakata pande la ardhi na nyasi zake, analipindua nyasi zikiwa chini, anapanga pande juu ya pande mpaka linakuwa tuta. Ndani mle nyasi zinaoza. Juu anapanda maharage. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, tuta linasambazwa, na juu ya ule udongo mweusi unamwagwa ulezi. Hakuna mbolea ya dukani. Nyasi ndiyo mbolea. Kwa hiyo ule upande niliouandika eneo wazi ulikuwa akiba. Mwenye shamba alikuwa anaziacha nyasi ziwe nyingi kwa makusudi, kwa ajili ya matuta ya mwaka unaokuja.

Shamba lile halikuwa wazi hata kidogo. Lilikuwa limejaa kuliko mashamba yote niliyoyajua Mbeya, ila mimi sikujua kulisoma.

"Ni la Bibi Melania," alisema Mzee Wensi. "Mjane. Watoto wake wako bondeni kwenye mpunga. Hana jingine."

Nikamwuliza kama atamwambia mkuu. Akanijibu kwa upole kwamba yeye ameshika mnyororo tu, ramani ni yangu na mdomo ni wangu.

Hapa sasa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu kosa lenyewe si kubwa kiasi hicho. Mgeni hukosea, ndiyo maana kuna wembe. Kosa kubwa ni kwamba nilikaa kimya siku tisa. Nilikuwa kwenye majaribio. Nilimwona mkuu anavyowafokea watu waliochelewa dakika kumi, nikajiuliza atanifanya nini mimi niliyemtia aibu kwenye karatasi aliyokwisha kuisaini. Nilijiona narudi Mbeya na sweta zangu mbili, na mama akiwaambia majirani, mnaona, Sumbawanga wamemfanyia. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nikajiambia kesho. Nilijidanganya pia kwamba labda wenyewe watagundua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliuficha kwa bidii.

Siku ya tisa nilikuwa kaunta. Akaingia mama mzee, mwembamba, amevaa kanga mbili, moja kiunoni na moja begani, miguu ina vumbi la safari. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akafungua kanga ya begani na kutoa kigingi chetu, kile cha mti kilichopakwa rangi nyekundu kichwani. Alikuwa amekiosha.

"Mwanangu, nimekuta mali yenu shambani kwangu," alisema. "Viko vingine vingi, ila sikuweza kubeba vyote. Mtu aliyevisahau asije akakatwa mshahara."

Naapa hakuwa anakejeli. Mimi nimeishi na watu wa huku miaka yote hii na naijua kejeli yao, ni nzuri sana, lakini siku ile haikuwapo. Aliamini kweli kwamba mtu amesahau. Kisha akaniuliza kama ninamfahamu binti aliyepita pale na karatasi, maana majirani walimwona, na mvua hazipo mbali, na yeye angependa kujua asambaze matuta au asisambaze.

Nilimwambia, "Ni mimi, bibi."

Aliniangalia, nadhani akingoja niendelee. Nililia pale pale kaunta mbele ya watu, halafu nikaenda kugonga mlango wa mkuu kabla machozi hayajakauka, kwa kuwa nilijijua, yakikauka nitarudi kuogopa.

Nilimweleza yote, na siku tisa nikazitaja. Akaangalia saa, akasema greda limeondoka kwenda Kasense tangu alfajiri.

Tulikwenda kwa gari la ofisi, mkuu, Mzee Wensi, Bibi Melania na mimi. Greda lilikuwa limeshaingia kwenye pembe ya shamba. Mkuu aliruka kabla gari halijasimama vizuri, akampungia dereva kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza ndege. Likasimama. Nyuma yake safu tatu za matuta zilikuwa zimelala bapa, na kwenye ule mkato ungeweza kuona rangi: udongo mwekundu wa chini, na juu yake mafungu meusi ya nyasi zilizooza, moja baada ya jingine, mahali kila tuta lilipokuwa.

Bibi Melania hakupiga kelele. Aliinama, akachota ule udongo mweusi kwa viganja viwili, akaanza kuurudisha upande wa shamba. Akarudi, akachota tena. Mzee Wensi akavua koti akamfuata. Mimi nikafuata. Mnaweza msiamini, dereva wa greda naye alishuka. Mkuu alisimama na ramani yake mkononi, akatuangalia, na baadaye akainama akaokota bonge moja, akalinusa. Alitoka kwenye familia ya wakulima pia, ingawa suti ilikuwa imemsahaulisha.

Alimwuliza Bibi Melania matuta yale yalimchukua muda gani. Bibi, Kiswahili kimemtoka, akamjibu kwa Kifipa, na Mzee Wensi akatafsiri.

"Anasema haya ya mwaka huu, mwezi mzima. Shamba lenyewe, tangu mama mkwe wake."

Mkuu akatoa kalamu mfukoni. Juu ya boneti ya gari, mbele yetu, akachora mstari unaotoka kwenye barabara, unazunguka mpaka wa shamba, na kurudi kwenye njia yake mbele. Akaniambia, "Hii kona utaichora wewe, na utaieleza wewe kwa kila atakayeuliza." Vile vile akaniongezea miezi sita ya majaribio, na nilistahili.

Safu tatu hazikurudi. Tuliokoa udongo kiasi, lakini mwaka ule Bibi Melania alivuna ulezi pungufu, na upungufu ule niliujua una jina langu. Siku tisa. Kama ningesema siku ya kwanza, greda lisingewashwa.

Adhabu iliyobaki nilijipa mwenyewe. Mvua zilipokaribia kuisha, kila Jumamosi nilikwenda Kasense na jembe. Bibi Melania alinifundisha kupindua pande. Mwanzoni nilikuwa nalivunja katikati, akanionyesha kwamba jembe linaingia kwa mshazari, na mguu wa kushoto unatangulia, na huvuti kwa mikono bali kwa kiuno. Tuta langu la kwanza alilizunguka mara mbili, akasema hilo hata mchwa wasingekubali kulihamia. Mzee Wensi alikuwa amemwambia, mbea yule. Wote wawili walicheka mpaka wakakaa chini. Nilicheka nami, na nadhani siku hiyo ndiyo nilihamia Sumbawanga rasmi.

Ofisini nilichukua wembe. Nikakwangua safu za vichuguu, nikakwangua ENEO WAZI herufi moja moja, nikasugua kwa ukucha. Nikachora shamba na kona yake. Karatasi ile ipo bado kwenye kabati la chuma, droo ya tatu, na mkiinua dirishani mtasoma kwa kovu kile nilichoandika kwanza.

Mzee Wensi amekwisha kutangulia, na Bibi Melania pia, alizikwa na umati wa kanisa zima. Matuta yamepungua, watu wengi siku hizi wanalima mahindi kwa mbolea ya mfuko, na siwalaumu. Lami imefika, mabasi ya Mbeya yanaingia na kutoka, mtu anaondoka asubuhi anafika mchana na hana vumbi hata kwenye kiatu. Mji umeipita Kasense na unaendelea. Ninyi mnarusha droni, mnapiga picha kutoka juu, na picha zenu ni nzuri, nimeziona. Ila kutoka juu nyasi zote ni nyasi.

Ndiyo maana juzi nilimpigia simu Happy, nikamwambia aje tuende. Alikuja na kompyuta yake begani, shikamoo yake ya haraka haraka, tukapanda bodaboda mbili. Yangu iliendeshwa na kijana mwenye maneno mengi. Tulipofika kwenye kona akapunguza mwendo, akalaani.

"Mama, hii kona noma. Aliyeichora alikuwa amelewa."

Nilimwambia hakuwa amelewa, alikuwa anaogopa. Akageuka kuniangalia, nikamwambia aangalie mbele.

Tulishuka. Mwezi wa nane tena, upepo ule ule. Upande mmoja wa shamba nyasi zilifika kifuani, na upande wa pili yalikuwapo matuta, si mengi kama ya zamani, lakini yapo, yamejipanga. Mjukuu wa Bibi Melania analima nusu kwa njia ya bibi yake, kwa ajili ya ulezi, maana anasema ulezi wa mbolea ya mfuko hauna ladha. Alikuwa kule mwisho wa shamba, ameinama, mgongo wake tu unaonekana.

Happy alifungua kompyuta. Mstari wake ulikuwa mzuri, mwekundu, umenyooka, umepita katikati. Juu ya nyasi palikuwa na yale yale maneno yangu mawili, sitayarudia, mnayajua. Aliangalia skrini, akaangalia matuta, akarudi kwenye skrini. Nilimwona anahesabu safu, midomo ikicheza. Kisha akaifunga kompyuta, akavua viatu vyake vyeupe akavishika mkononi.

"Mama Tusa, hili shamba ni la nani?"

Nilikuwa nalijua jina, na wewe Happy ulijua kwamba nalijua. Nikakuonyesha kwa kidole yule aliyeinama kule mwisho.

"Kamuulize mwenyewe," nilikwambia. "Leo leo."